Intaneti Ninailipia Mimi, Neno la Siri Analigawa Mama

BARUA YA MSOMAJI

Assalaamu alaykum Bibi Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, niliachika na sijaolewa tena, na ninaishi Malindi, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, katika nyumba aliyotuachia marehemu baba. Ni nyumba ya mawe ya zamani yenye ghorofa moja juu. Chini tunakaa mama, mimi na mdogo wangu wa kiume anayesoma Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Juu anakaa dada yangu mkubwa na mumewe pamoja na watoto wao watatu. Tumejaaliwa kuishi kwa masikilizano, na hadi mwaka huu sikumbuki ugomvi uliotulaza na kinyongo.

Kazi yangu ninaifanyia nyumbani. Natunza hesabu na kupokea maombi ya vyumba ya nyumba ya wageni iliyopo pwani ya mashariki, ambayo mwenyewe anaishi Ulaya, na karibu kila asubuhi ya siku ya kazi tunazungumza kwa simu ya video. Kwa ajili hiyo mwaka jana nilifunga intaneti ya nyumbani kwa jina langu, kifurushi cha kasi ya megabiti 20 kwa sekunde, na ninailipia shilingi 70,000 kila mwezi. Ruta imewekwa sebuleni, juu ya kabati la vyombo pembeni ya friji, na mama ameifunika kwa kitambaa chake cha kufuma ili isiingie vumbi.

Mwanzo ilikuwa kompyuta yangu tu na simu ya mama. Mdogo wangu akaja na kompyuta yake ya chuo, dada akaomba ya kwake, mtoto wake mkubwa akaletewa nyingine ya masomo ambayo masomo yake hasa ni michezo hadi usiku wa manane, na shemeji akanunua televisheni inayotumia intaneti ili atazame mpira. Haya yote niliyanyamazia. Kisha nikagundua kwamba mama amempa neno la siri jirani yetu wa ng'ambo ya kichochoro, ambaye binti yake anauza madira na mabaibui kwa mtandao na hutwa anarekodi video za nguo zake. Nilipomwuliza, mama aliniambia kwamba huyu ndiye aliyekesha naye hospitali alipolazwa, na kwamba haoni kinachopungua kwetu, kwani intaneti hailiwi ikaisha.

Wiki iliyopita, saa tano asubuhi, nikiwa katika mkutano na mwenye nyumba ya wageni na mkaguzi wake wa hesabu, mawasiliano yalivurugika. Mimi nilikuwa nawasikia vizuri kabisa, wao hawanisikii. Nilisema, nikarudia, nikaishia kuandika. Jioni akaniletea ujumbe wa adabu lakini mzito: hali hii ikiendelea itambidi atafute mtu mwenye mtandao wa uhakika. Kwa hasira nilipanda juu, nikamkaripia mtoto wa dada mbele ya mama yake kwamba michezo yake itanifukuzisha kazi. Tangu siku hiyo dada akiwa na haja na mimi humtuma mtoto mdogo.

Mdogo wangu ananishauri nibadilishe neno la siri na kupitisha kompyuta zote kupitia ya kwangu, ili mimi ndiye niamue nani apate. Rafiki yangu anasema nitoze kila mtu kwa kichwa, jirani akiwemo. Mwengine anasema nihame. Kwa shemeji siwezi kufungua mdomo juu ya fedha, ni mtu ninayemheshimu sana, na isitoshe yeye ndiye anayenunua umeme wa nyumba nzima. Mama naye sitaki aaibike kwa jirani yake.

Nifanye nini, Bibi? Nibadilishe neno la siri na nikae kimya, nidai fedha, au nijifungie yangu peke yangu na hii niiache ikatike?

Ni mimi,
Mlipaji, Mjini Unguja

JIBU

Wa alaykumu salaam mwanangu,

Nimekuelewa hivi. Ulileta nyumbani kitu kwa ajili ya riziki yako, kikawa cha nyumba nzima na hata cha nje ya nyumba, pasipo mtu yeyote kukaa na kusema kwamba sasa kimekuwa cha wote; na leo riziki ile ile inatikisika, huku kila unapotaka kuelekea unamkuta mtu unayemstahi. Mama hutaki aaibike, dada umekwaruzana naye, shemeji unamwonea haya, na jirani mna wema wake mkononi. Si ajabu ukawa unaona njia za kufunga, kutoza na kujitenga tu, ambazo zote ni chungu.

Kabla hatujazigusa, niruhusu nikuulize juu ya jambo uliloliandika kama kwamba limekwisha kuthibitika, yaani kwamba mtandao unakwama kwa sababu ya watu wa juu, na wa kulaumiwa zaidi ni mtoto wa dada yako. Mkutano wako ulivurugika saa tano asubuhi ya siku ya kazi. Saa hizo, kwa kawaida, mtoto yuko skuli na shemeji yuko kazini. Tena michezo ya kompyuta, ukiondoa siku inapopakuliwa au kusasishwa, hutumia data kidogo mno ikilinganishwa na video; inachokitaka ni majibu ya haraka, na kwa hivyo mtandao ukijaa mchezaji naye huumia kama unavyoumia wewe. Sisemi kwamba mtoto kukesha akicheza ni jambo la kufurahisha, lakini hilo ni la mama yake na usingizi wake.

Lililonishughulisha zaidi ni pale uliposema kwamba unawasikia nao hawakusikii. Intaneti ya nyumbani ina njia mbili, ya kushusha na ya kupandisha, na katika huduma nyingi ile ya kupandisha hupewa kasi ndogo zaidi. Mpira wa shemeji unashuka, na ungekuwa ndio uliokuziba, ungekosa kwanza kuwasikia wao. Sauti yako na sura yako zinapanda, na anayezizuia ni kitu kingine kinachopanda wakati huo huo. Binti wa jirani anayepeleka video za madira asubuhi anaweza kuwa mmoja wao. Simu zinazojihifadhia picha zake mtandaoni bila ya mtu kuziamuru zinaweza kuwa nyingine. Na je, mwanangu, kompyuta yako mwenyewe? Mtu anayetunza picha za vyumba na mafaili ya hesabu ya wageni aghalabu huwa na folda inayojipeleka mtandaoni kila inapobadilika, na hufanya hivyo kimya kimya, hata katikati ya mkutano. Ningependa uitazame hiyo kabla ya kumtazama mtu yeyote.

Kuna na ukuta. Kuta za Mji Mkongwe ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene pengine kufikia nusu mita, na waifai hazipendi. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili: ya gigahezi 5, yenye kasi lakini hufifia upesi yakikutana na ukuta, na ya gigahezi 2.4, ya polepole lakini yanayopenya zaidi. Watu wengi hawajui kwamba kompyuta iliyoko mbali, inayopata mawimbi hafifu, huwachelewesha na walio karibu, kwa sababu waifai huhudumia kwa zamu, na yule anayezungumza kwa shida huchukua muda mrefu zaidi katika zamu yake. Sasa ruta yako iko juu ya kabati, ubavuni pa friji, ambayo ni sanduku la chuma, na imefunikwa kitambaa. Kitambaa hakizuii mawimbi kwa kiasi cha kusumbua, lakini kinaizuia isipumue, na ruta ikipata joto sana huzubaa au hujizima na kujiwasha. Sithubutu kukuambia umvue mama kitambaa chake cha kufuma. Mwombe akitandike chini ya ruta badala ya juu yake.

Kwa hiyo liko jaribio ambalo halimgombanishi mtu. Nyuma ya ruta nyingi pana matundu ya waya, mara nyingi manne, na nadhani ya kwenu hayajawahi kuingizwa kitu. Waya wa mtandao unaweza kufika hadi mita 100 bila ya kupoteza nguvu, na nyumba yenu haifiki hata robo ya hapo. Unganisha kompyuta yako kwa waya, fanya simu ya video na rafiki saa ile ile ya mikutano yako, wengine wote wakiendelea kama kawaida. Ikiwa sauti itatulia, basi adui alikuwa ukuta. Ikiwa bado inakatika, mwombe mama ruhusa ya kuzima waifai kwa dakika chache huku wewe ukibaki kwenye waya. Ikitulia hapo, basi ni msongamano. Na ikikatika hata ukiwa peke yako, tatizo liko kwa anayekuuzia, na utakuwa umemkaripia mtoto wa watu kwa kosa la kampuni.

Hesabu nayo isaidie kidogo. Megabiti 20 kwa sekunde ni megabaiti mbili na nusu tu, kwa sababu baiti moja ni biti nane. Simu ya video ya watu wawili huridhika na megabiti moja hadi nne kila upande. Filamu yenye picha safi hula kiasi cha gigabaiti tatu kwa saa, yaani karibu megabiti saba kwa sekunde, kwa hiyo televisheni ya juu na kompyuta mbili zikitazama kwa pamoja usiku zimekwisha kukijaza kifurushi. Kushusha tu ubora wa picha kwenye televisheni, jambo ambalo mtazamaji aghalabu hataliona, kunapunguza mzigo huo hadi kama thuluthi. Kompyuta za Windows nazo zina mahali pa kuziambia kwamba mtandao huu unapimwa, zikapunguza kujipakulia masasisho makubwa ovyo. Mambo haya mdogo wako anaweza kuyafanya kwa jioni moja, na nadhani atayafanya kwa furaha zaidi kuliko kuwa bawabu wa kompyuta yako.

Hilo shauri lake la kupitisha kila kitu kwenye kompyuta yako silidharau. Ndivyo watu walivyokuwa wakigawana kabla ya ruta kuenea majumbani, na Windows 98 toleo la pili, la mwaka 1999, lilikuja na uwezo huo ndani yake. Lakini maana yake ni kwamba kompyuta yako isizimwe kutwa kucha; ukiifunga kwenda kuswali au kulala, nyumba nzima inakatika, na kila anayekatika atakugongea mlango wewe. Kama ni kutaka kuamua nani atangulie, ruta nyingi za siku hizi zina mpangilio wa kipaumbele ambao unaweza kuipa kompyuta yako nafasi ya mbele saa za kazi. Hatari yake si ya kiufundi. Anayeshika funguo za ruta huona orodha ya vyombo vyote, pengine na kurasa vinakokwenda, na jicho likishazoea kutazama ya wengine ni vigumu kulirudisha. Fikiria kama unataka kujua hayo kuhusu shemeji yako.

Sasa tuje kwa watu. Uliandika kwamba unalipa peke yako, na mistari michache baadaye, kwa uungwana, ukaandika kwamba umeme wa nyumba nzima anaununua shemeji. Ruta yako inawaka kwa umeme huo, na kompyuta yako pia. Sikuelezi hivi ili kukufunga mdomo, kwani umeme anaoununua ni wa nyumba yake naye, na haki yako ya kufanya kazi kwa utulivu iko pale pale. Nataka tu kukuuliza: siku ile ulipofunga, uliwaambia kwamba hiki ni chombo cha kazi yako, au mlifurahi pamoja kwamba nyumbani kumeingia intaneti? Kama ni hili la pili, basi hao waliojiunga mmoja mmoja hawakujua kwamba wanakuingilia, na ukimya wako waliusoma kuwa ni ridhaa.

Waliokuwepo Unguja kisiwa kilipokaa bila ya umeme tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010 wanaijua kesi yako vizuri. Mwenye jenereta alipitisha waya kichochoroni kwa jirani, zikachajiwa simu za mtaa mzima, na baada ya siku chache yakaja maswali: petroli ni ya nani, na kwa nini friji ya fulani inawaka wakati pangaboi la mwenye jenereta linazunguka kwa kusitasita? Nyumba zilizoelewana, kwa ninavyokumbuka, hazikuwa zile zilizogawa sawa. Zilikuwa zile ambazo mwenyewe alisema mapema saa gani jenereta ni la kazi na saa gani ni la watu wote.

Jirani nimemweka mbali na ndugu kwa makusudi. Kampuni haizioni kompyuta zenu moja moja. Inaiona nyumba moja. Ruta ndiyo inayozipa kompyuta za ndani anwani zake, kwa kawaida zile zinazoanza na 192.168, ambazo zimetengwa kwa mitandao ya ndani, na kinachotoka nje hutoka chote kama kimetoka kwako. Mtu akifanya la kufanya kwa kutumia neno lile la siri, likawa ni la kuhojiwa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, wa kuulizwa kwanza ni mwenye jina kwenye mkataba. Simshuku binti wa madira hata kidogo, ila neno la siri likishavuka kichochoro halirudi, na binti naye ana marafiki. Kumtoza ndiko kunakonitia wasiwasi zaidi kuliko kumpa bure, kwa sababu ndugu kuchangiana bili ya nyumba ni jambo moja, na kuwauzia watu wa nje huduma ya intaneti ni jambo linalotakiwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, kwa mujibu wa sheria ya mawasiliano ya mwaka 2010. Hapo rafiki yako simwafiki.

Kati ya kumkatia na kumwachia ipo njia ya mtandao wa wageni, ambao ruta nyingi zinao: jina lake, neno lake la siri, na mara nyingi kikomo chake cha kasi. Mama anabaki na cha kutoa, na heshima yake kwa jirani haiguswi. Lakini isifanyike kimya kimya. Jirani akiona mambo yamekuwa mazito atamwuliza mama, mama hatakuwa na jibu, na aibu uliyoikimbia itakuwa imeingia kwa mlango wa nyuma. Vivyo hivyo kwa kubadilisha neno la siri. Si vibaya kulibadilisha, ila anayelibadilisha bila ya kusema huwa amesema jambo kubwa kuliko alilokusudia. Mama kasema intaneti hailiwi ikaisha, na kwa kiasi fulani yuko sahihi. Asichokijua ni kwamba inasongamana. Ukimweleza hilo kwa mfano wa siku ile ambayo hukusikika, sidhani kama utahitaji kutaja neno "kukataza".

Kujifungia laini yako peke yako ni jambo linalowezekana, na kwa mtu ambaye riziki yake iko humo si anasa. Uangalie mawili. Ukiiacha ya zamani ikatike, hata kwa sababu nzuri, itasomeka kwamba umejitoa, khasa wakati huu ambapo dada anamtuma mtoto. Na ukiziendesha zote mbili, utakuwa unalipa mara mbili kwa jambo ambalo pengine waya wa mita chache ungelimaliza. Ikiwa utaona inafaa, iwe ni kampuni tofauti, ili moja ikilala nyingine iamke, ingawa hata hilo lina mipaka yake: Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilipokatika, huduma ilizorota Afrika Mashariki nzima, kwa kampuni kubwa na ndogo. Na ukiupitisha waya mwengine, upite ndani, kwenye ngazi na chini ya boriti, kwani kutoboa ukuta wa nje au kutundika nyaya usoni mwa nyumba ya Mji Mkongwe ni jambo la kuuliza kwanza Mamlaka ya Hifadhi. Kuhama sikugusi, hukuliandika kama mtu anayelitaka.

Juu ya mchango, sioni ulazima wa kufungua mdomo kwa shemeji. Kuna dada. Lakini ya dada hayaanzi na fedha. Akisikia mchango kabla ya kusikia lolote juu ya siku ile ya mtoto wake, atauona mchango kuwa ni faini. Jaribio la waya litakupa pa kuanzia, kwa sababu utaweza kumwambia ulichokikuta, kiwe kinamsafisha mtoto au hakimsafishi. Na ukipokea fedha yao, ujue kwamba anayechangia hupata sauti: siku mtandao ukilala wakati wa mpira, wewe ndiye utakayepiga simu kwa kampuni. Huenda ukaona bora shemeji abaki na umeme wake nawe ubaki na intaneti yako, mkakubaliana saa tu, kwamba tangu saa tatu hadi saa saba mchana njia ya kupandisha ni ya kazi yako, na jioni ni ya nyumba. Huenda pia usilione hivyo, na wewe unawajua watu wako kuliko mimi.

Amebaki mwenye nyumba ya wageni, ambaye kwa barua yako sijaona kama umemjibu. Mwandikie wiki hii, hata kabla ya jaribio, umweleze kwamba umelifuatilia tatizo la sauti na kwamba hadi litakapopatiwa ufumbuzi utaingia mikutanoni kwa bando la simu. Unaweza pia kumwuliza, pasipo kuona haya, kama gharama ya mtandao unaomfanyia kazi yake haistahiki kuingia katika hesabu zake, kwani hesabu hizo unazitunza wewe na unajua zinaweza kubeba nini.